Mkono wa Mzee Kwenye Usukani

Mume wangu hakugonga ule ukuta. Naanza na hilo kwa sababu watu wa nyumba ile ya Mbugangari wamelisimulia jambo hili miaka nenda miaka rudi, na kila mara wanaanza na kwamba aligonga, na wakishaanza hapo hakuna anayewauliza zaidi. Alikuwa amekaa mbele ya usukani, ndiyo, sikatai. Lakini aliyeligeuza gari siku ile alikuwa mwingine.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wako Ruanda na Waingereza wako kwetu Tanganyika. Sisi tulikuwa watu wa Bukoba. Dada yangu, wa tumbo moja, alikuwa ameolewa Gisenyi, katika ukoo wa Waislamu wafanyabiashara. Dada huyo ndiye aliyenilea. Mama alifariki mimi nikiwa bado natambaa, na kila kitu ninachokijua cha nyumba, kuanzia kusuka ukili mpaka kupika wali usishike chini, nilikipata mikononi mwake. Alipoondoka kwenda kwa mumewe nililia mpaka sauti ikakauka, na sikuwa mtoto tena. Baadaye nami nikaolewa, na dereva wa lori la kahawa, mtu mpole kupita kiasi. Huo upole tutaurudia.

Kisha salamu zikatufikia kwa mdomo wa mchuuzi mmoja: shemeji, yaani mume wa dada, amepata kamionete, gari dogo la mizigo, pale nyumbani kwao na wanatafuta dereva. Mwambie mumeo aje, kazi iko, chumba kiko. Mume wangu alifurahia kazi. Mimi kazi haikunishughulisha. Nilichotaka ni kuamka asubuhi nikaazime chumvi kwa dada yangu, basi. Nilifunga mizigo siku ile ile kabla hajaniambia tufunge.

Tulipita Uganda, mabasi na malori, mpaka Kisoro, tukavuka mpaka. Pale mpakani magari hubadilisha upande. Kwa Waingereza gari hupita kushoto, kwa Wabelgiji hupita kulia. Na kabla hata hatujanawa miguu kule Mbugangari, mtaa wa akina shemeji hapo Gisenyi, utani ulikuwa umeshaanza. "We dereva ya kushoto, utatumaliza," ndivyo walivyomkaribisha. Kila aliyeingia kusalimia aliambiwa huyu ni yule wa kushoto, na kila mmoja akacheka upya.

Mume wangu alichana kitambaa cha bluu akakifunga kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Halafu akaanza kutembea. Kila alasiri alitoka Mbugangari, akapita Nengo, akashuka ziwani na kurudi, ameshika ukingo wa kulia wa barabara, akikutana na watu wenye mizigo hasogei upande mwingine hata kidogo. Niliona haya, nikamwambia watu watadhani umerukwa na akili. Akaniambia mwili ndio unaoendesha, si kichwa, kwa hiyo mwili lazima ujue. Asubuhi shemeji alikaa naye garini wakazunguka barabara ya ziwani, na hakuna siku aliyokwenda kushoto. Shemeji mwenyewe alisema, nilimsikia kwa masikio yangu, "Bon, mukono yako iko muzuri."

Sasa, mwenye mji pale alikuwa baba yake shemeji. Wote walimwita muzee, nami nitamwita mzee, ingawa moyoni nina majina mengine. Alianza biashara ya chumvi na nguo kwa miguu, enzi ambazo pande zile hazijaona gari, na hakuwahi kushika usukani maishani mwake. Kamionete ilikuwa kwa jina lake. Aliizunguka kila asubuhi akiigonga kwa fimbo huku na huku, na hakuna aliyejua anasikiliza nini.

Dada alikuwa amejifungua karibuni, na akika ya mtoto ilikuwa inakaribia. Nikataka nikamtafutie samli Bugeshi, kule juu kwenye baridi chini ya volkano, ambako kuna ng'ombe, na kwa safari hiyo hiyo tulete viazi vya karamu. Mume wangu hakuwa ameajiriwa bado, kwa hiyo aliliazima gari kwa adabu zote, kofia mkononi. Shemeji akampa ufunguo. Akasema, "Mukirudi salama kazi ni yako, hatuna tena ya kuongea." Nilimwangalia dada pale mlangoni na mtoto wake, naye akaniangalia, tukacheka kama wajinga.

Ndipo mzee akatoka, kanzu, koti, fimbo, akasema naye anakwenda. Nilimwona shemeji akimtazama baba yake, akamtazama mume wangu, akafungua mdomo, akaufunga. Nikadhani ni heshima tu. Mzee akapanda mbele upande wa mlango, mume wangu akashika usukani, mimi nikapanda nyuma na magunia, kwa sababu mbele ni kwa wanaume.

Kwenda hakukuwa na neno. Njia inapanda, gari linakwenda polepole, mzee alisinzia. Tulipata samli, tukapata viazi, vikubwa, bado vina udongo mweusi. Kurudi nilikaa juu ya gunia nimeegemea kibini, kile chumba cha dereva, na nyuma ya kibini kuna kidirisha kidogo cha kioo. Niliwaona wote wawili waziwazi, mabega na vichwa, na kile kitambaa cha bluu kwenye usukani.

Kwenye kona moja lori la mbao likawa linapanda. Mume wangu alikuwa kulia. Narudia, alikuwa kulia, magurudumu yanakanyaga majani ya ukingoni, na lori lina nafasi yake tele. Alipunguza mwendo. Mzee akazinduka, akaliona lori, akapiga kelele, "Kuume! Kuume!" na papo hapo akanyoosha mkono, akaushika usukani na kuuvuta kwake kwa nguvu zake zote. Gari likaruka mtaro likaingia kwenye ukuta wa shamba la mtu, ule ukuta wa mawe meusi yaliyopangwa bila udongo. Lori likapita zake. Halikutugusa hata rangi.

Hakuna aliyeumia. Taa moja ilivunjika, bampa likapinda, madigadi ikaingia ndani ikagusa gurudumu. Viazi vikamwagika mtaroni. Samli ilikuwa mapajani mwangu na sikuimwaga, hilo nalo niseme.

Mama mwenye shamba akatoka, na majirani nyuma yake. Na mzee, hata kabla hajashuka, kichwa nje ya mlango, alikuwa ameshaanza. "Hawa watu ya Waingereza, kushoto iko ndani ya damu yao. Kama si mimi tungekufa." Wakamwelewa vizuri sana. Wakatikisa vichwa, wakamwangalia mume wangu kwa huruma, wale wanaojua Kiswahili wakiwafasiria wengine kwa Kinyarwanda. Nikasubiri mume wangu aseme. Akaenda akaanza kuyapanga mawe ya yule mama, jiwe kwa jiwe, mpaka ukuta ukasimama tena. Mzee alikaa juu ya gunia langu la viazi akimwonyesha kwa fimbo palipobaki tundu. Na mimi ni mwanamke, mgeni, shemeji wa mtoto wake, nikaokota viazi.

Watu wa kule walituvuta na kutusukuma, tukafika Mbugangari jioni. Shemeji alilizunguka gari. Waume wa ndugu wawili huitana mwanyumba, na mume wangu alimwambia, "Mwanyumba, nisamehe. Imetokea." Imetokea! Kana kwamba ni mvua. Shemeji akainama kuangalia madigadi, na hakumtazama usoni.

Baada ya chakula wanaume walikaa sebuleni, nami niko chumbani kwa dada, ukuta mwembamba, kila neno linapita. Mzee akasimulia upya. Sasa lori lilikuwa kubwa zaidi, na mume wangu alikuwa kushoto kabisa, na yeye mzee ndiye aliyeziokoa roho zetu. Watu wakasema alhamdulillahi. Shemeji akasema kwa sauti ya chini kwamba itabidi watafute dereva ya hapa hapa, aliyezoea. Nikamsubiri mume wangu. Nikamsikia akikohoa. Nikamsikia akisema, "Sawa."

Nikasimama. Nilikuwa naingia sebuleni, wallahi, na khanga yangu moja na miguu mitupu, nikawaambie nilichokiona. Dada akanidaka khanga kwa mkono mmoja, wa pili umemshika mtoto anayenyonya.

"Kaa chini."

"Dada, yeye ndiye aliyeushika usukani. Nimemwona kwa macho yangu."

"Najua," akasema.

Nikadhani hajanielewa. Akaniambia tena, kwa sauti ya kumbembelezea mtoto, "Najua, kila mutu hapa anajua. Muzee akiona gari inakuja, mukono wake unakwenda. Alimfanyia mume wangu vile vile mpaka akaapa haendeshi tena. Unafikiri kwa nini walitafuta dereva?"

Nilikaa. Wote walijua. Wale waliocheka kushoto, kushoto, walijua. Shemeji, aliyefungua mdomo akaufunga, alijua, na alimpa mume wangu ufunguo huku anajua, na sasa yuko sebuleni anatafuta dereva aliyezoea. Nikamuuliza dada kwa nini hakuna hata mmoja aliyetuambia. Akasema, "Tungewaambia nini, wageni? Kwamba baba mwenye mji iko vile?"

"Mngemwambia asiguse usukani."

"Nani amwambie? Mwanawe? Mimi, mukwe wake?" Akaivuta khanga yangu nikamkaribia. "Ukiingia kule ukasema, kesho utarudi Bukoba. Mimi nitabaki hapa, na nitaisikia mpaka nife. Niachie nyumba yangu."

Basi nikamwachia. Sina la kujilaumu hapo, na sitaki mtu anihurumie. Alinilea, akaniomba kitu kimoja, nikampa, na kitu chenyewe kilikuwa kile kile nilichokifuata kutoka Bukoba, kukaa karibu naye.

Mume wangu sikumwachia. Asubuhi nilimfuata kisimani nikamshukia na nusu ya mtaa wanasikia. Kwa nini hukusema? Akasema yule ni mkwe wa dada yako, basi ni mkwe wangu pia. Nikamwambia najua ni nani. Akasema, "Ningesemaje, nimwite mzee mwongo mbele ya mwanawe, nyumbani kwake, nakula chakula chake?" Nikamwambia ndiyo, ungemwita, na chakula chenyewe nimepika mimi. Akasema mkwe hasemwi. Nikamuuliza basi hata pale garini, mkono ulipokuja, hukuweza kuusukuma? Akaniangalia kama niliyemwambia avue nguo sokoni. "Mkono wa mkwe?" Akafungua kile kitambaa cha bluu, akakifua, akakianika, akakaa chini.

Dereva alipatikana upesi, mtu wa Goma, kofia imekaa upande, kijiti cha meno mdomoni, si ndugu wa mtu yeyote pale. Akika ikafanywa, viazi vikaliwa, mzee akasifiwa. Siku ya kuondoka shemeji akasema ni aibu tukatembee na mizigo, kamionete itatupeleka mpaka Ruhengeri tukapande basi. Madigadi ilikuwa imenyooshwa kwa nyundo, inaonekana kila pigo. Dada alinishika shingo mlangoni. Mtoto alikuwa amelala mgongoni mwake.

Mzee akapanda mbele. Alikuwa na shughuli zake Ruhengeri. Mimi na mume wangu tukapanda nyuma, tukaketi kwenye mizigo, tumekiegemea kidirisha.

Tulikuwa hatujaenda mbali. Njia ilikuwa imeanza kupanda, tukaingia kona, na basi likatokea juu likishuka kwa kasi. Nikageuka kuangalia kwa kidirisha, na mume wangu akageuka. Mkono wa mzee ulikuwa umeshafika kwenye usukani.

Yule dereva aliupiga. Hakuupiga kwa ubaya, aliupiga kama unavyomfukuza kuku kwenye mchele, wala macho hakuyatoa barabarani. "Muzee, toa mukono. Ni mi naendesha."

Mzee akautoa. Akaushusha gotini, akashika fimbo yake. Basi likapita. Nilikisubiri kishindo, nikasubiri matusi, nikasubiri gari lisimamishwe na dereva ateremshwe pale pale. Hakuna. Baada ya kitambo nikasikia mzee akimuuliza yule dereva kama Goma kumenyesha, na dereva akamjibu kwamba kumenyesha, tena sana.

Mume wangu alikuwa bado ameegemea kioo. Nikamuuliza, "Umesikia?"

"Nimesikia," akasema, na mkono wake wa kushoto ulikuwa unasugua kile kifundo cha kulia.

Sikumsemesha tena mpaka Kisoro. Dada alikaa Gisenyi mpaka akafa, mimi nikakaa Bukoba, na chumvi nimeazima kwa majirani maisha yangu yote.