Sanduku la Vifaa la Fundi Komba

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe, na karakana nzima ilinicheka kabla sijaifikia meza ya Meneja. Nilikuwa nimetoka chuoni na stashahada ya umeme wa magari, na karakana ile ya Songea, ambayo sasa imefungwa, ilikuwa haijawahi kuajiri mwanamke upande wa ufundi. Meneja alinikabidhi kwa Fundi Mkuu wa Umeme, Bwana Komba, mtu mrefu, mcheshi, mwenye majivuno kidogo, ambaye hata ovaroli aliipiga pasi. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba, kisha akanionyesha gari lililokuwa uani.

"Na hilo je? Lisalimie."

Nilidhani ananitania. Kumbe alitaka niingie, nizungushe ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, kisha nitazame bila kugusa kitu kingine. Taa zikiwaka vizuri na zikafifia unapojaribu kuwasha injini, betri imechoka, au vichwa vyake vinavyoshika nyaya vimeota ukungu mweupe na umeme haupiti sawasawa. Zisipowaka kabisa, anza na betri yenyewe, kisha nyaya zake, kisha fyuzi. "Gari linajibu salamu kuliko watu wengi wa mjini," alisema, na wenzake wakacheka, nami nikacheka pamoja nao.

Somo kubwa kuliko yote, hata hivyo, lilihusu yanayotokea baada ya betri kufufuliwa au kubadilishwa. Malori ya zamani hayakuwa na kumbukumbu yoyote. Unafunga betri mpya, unawasha, unaondoka. Magari madogo yaliyofuata yana kompyuta inayohifadhi mambo mengi madogo, na umeme ukikatika, huyasahau. Vioo havipandi vyenyewe kama zamani, taa ya usukani inawaka, na injini inatetemeka ikiwa katika silensa, yaani inapozunguka bila kukanyagiwa mafuta. Hakuna kilichoharibika. Komba aliiita kazi hiyo kulikumbusha gari. Unapandisha kila kioo na kuendelea kushikilia kitufe kidogo baada ya kioo kufika juu. Unazungusha usukani hadi mwisho, kulia na kushoto. Kisha unaliacha gari lingurume peke yake, mguu ukiwa mbali na mafuta, hadi feni ya rejeta iwake na kuzima. Hatua hii ya mwisho ni ndefu, na wenye magari huichukia.

Nilihamishiwa tawi la Namtumbo kuhudumia magari ya msimu wa tumbaku, na huko Msimamizi wa Tawi alinifunza uvumilivu kwa kutonifunza kitu kingine. Niliporudishwa Songea nilikuwa fundi wa daraja la kwanza. Mwaka huo ndipo baba yangu aliponunua gari dogo.

Baba, Mzee Haule, aliendesha malori barabara ya Njombe maisha yake yote ya kazi. Asubuhi moja betri ya gari lake ilikutwa imekufa, kwa kuwa mlango haukufungwa vizuri na taa ya ndani ilikesha ikiwaka. Akaliburuza hadi karakanani kwetu. Mimi nilikuwa nimetumwa Madaba, kwa hiyo Komba mwenyewe alifunga betri mpya, akawasha, akamwomba asubiri alikumbushe gari hadi feni iwake na kuzima. Lakini baba alikuwa mshenga, na kule Peramiho alikuwa akisubiriwa kwenye kikao cha mahari. Alimjibu Komba kwamba yeye alianza kuendesha kabla Komba hajajua kushika spana, akaondoka.

Gari lilimzimikia mbele ya nyumba ya wenyeji wake, wageni wote wakitazama. Akaliwasha, likazima tena. Mvua ikanyesha na vioo havikupanda vyenyewe kama alivyozoea.

Kesho yake niliporejea kutoka Madaba nilikuta geti la karakana limefungwa mchana. Baba alikuwa amemwambia Meneja kwamba Komba ameng'oa kompyuta nzima ya gari na kuweka mbovu. Siwezi kusema alizua tu. Enzi za malori, mafundi fulani walimchukulia dainamo nzima wakamrudishia kuukuu, na tangu hapo kila gari lililobadilika tabia baada ya kutoka karakana, kwake lilikuwa limeibiwa. Meneja, kwa kuogopa jina la karakana, aliamuru Komba afungue sanduku lake la vifaa mbele ya watu wote, akisema kompyuta ikionekana, Komba afukuzwe papo hapo, bila hata barua.

Nilimkuta amepiga magoti juu ya saruji na ovaroli yake iliyopigwa pasi. Alikuwa akitoa kitu kimoja kimoja: spana, koleo, kipima umeme, utepe mweusi, kipande cha muhogo kilichofungwa kwenye mfuko, fulana ya kubadilisha. Madereva walikuwa wamemzunguka. Aliyekuwa amesimama juu yake, mikono nyuma, ni baba yangu.

"Baba, shikamoo. Naomba ufunguo," nilisema.

"Usiingilie. Wewe ni mfanyakazi wao."

"Ndiyo maana naomba ufunguo."

Alinipa. Nilipandisha vioo, nikazungusha usukani, taa yake ikazimika. Kisha nikaliacha gari lingurume. Tulisubiri sote, injini ikitetemeka kama mtu mwenye homa, Komba akiwa bado chini kando ya vitu vyake. Feni ikawaka, ikazima. Mtetemo ukaisha.

Baba alitega sikio kwenye boneti. "Basi angeniambia," alisema.

"Nilikuambia, Dereva," Komba alijibu bila kuinua uso. "Ukasema mahari haingoji feni."

Hakuna aliyecheka. Baba alipanda gari, geti likafunguliwa, akaenda zake. Nilichutama nimsaidie Komba kurudisha vifaa na kumwomba radhi, lakini alinizuia mkono. "Wewe usiniombe radhi. Aliyekosa ana mdomo wake."

Tangu siku hiyo hadi alipostaafu, kila jioni Komba alisimama getini na kufunua sanduku lake kwa mlinzi, ingawa hakuna aliyemwamuru. Mlinzi alitazama pembeni. Nami nilipita nyuma yao nikiwa na jina la Haule kwenye kitambulisho changu. Nilipopewa usimamizi niliweka kanuni kwamba mwenye gari akae ndani hadi feni iwake, asikie mwenyewe. Kanuni hiyo ilisaidia wateja wengi. Haikunipunguzia chochote pale getini.

Sasa nimestaafu kwa hiari. Mwezi uliopita betri ya gari la baba ilikufa tena nyumbani Mjimwema, nikaenda kumfungia nyingine. Alikaa kwenye kiti cha abiria, akangoja feni bila kunung'unika. Ilipozima aliuliza Komba yuko wapi siku hizi. Nilimwambia yuko Maposeni, analima mahindi na kutengeneza pikipiki za majirani.

"Nipeleke."

Komba alitoka nje, akakaza macho kwenye gari kabla ya kutusalimia. Baba alimnyooshea ufunguo. "Fundi, nitazamie gari."

"Lina nini, Dereva?"

"Sijui. Wewe tazama."

Halafu baba akazunguka nyumba, akaenda kukaa upande wa ghala la mahindi, mahali ambapo mtu hawezi kuliona gari. Komba alielewa, nadhani. Aliingia ndani akarudi na lile sanduku. Lakini hakuenda kwenye boneti. Alilibeba hadi kule ghalani, akaliweka chini mbele ya miguu ya baba, na kama alivyozoea, akalifunua.

Niliona aibu hata sikuweza kusogea. Baba alitazama zile spana, kisha akainama kwa taabu na kukishusha kifuniko kwa mkono wake.

"Lifunge, Fundi," alisema. "Nisamehe. Lifunge."