Wacheza Biliadi wa Baba

Juma lililopita nililetewa kitabu na yule muuza vitabu vya mitumba anayeujua ugonjwa wangu. Alikuwa amekifunga kwa gazeti na kamba ya katani kama kilo ya nyama. Ndani mna picha za wanaume wenye vizibao, wameinama juu ya meza pana, fimbo mkononi, jicho moja wamelifumba kidogo. Ni wacheza biliadi, watu waliokufa zamani, ndani ya kitabu ambacho hakuna tena anayekichapisha. Mjukuu wangu alikitazama, akanitazama na mimi na magoti yangu mabovu, akauliza, "Bibi, kwani wewe ulikuwa unacheza pool?"

Nikamwambia hapana, ile fimbo sijawahi kuishika. Akaenda zake. Nikabaki na harufu ya karatasi kuukuu, na kabla sijajizuia nilikuwa nimeshafika Kibondo, kwenye kilima chetu cha udongo mwekundu, miaka ya sabini, mimi binti wa shule ya msingi na baba yangu bado ana nguvu zake. Kaa kidogo, rafiki yangu. Si hadithi ya kuchekesha, lakini sina mwingine wa kumwambia.

Baba alikuwa karani wa ghala la kahawa. Ujanani mwake alikuwa amefanya kazi katika mji wa reli, kwenye klabu ya wazungu, akipanga mipira mezani, akipiga brashi kile kitambaa cha kijani na kutaja pointi kwa sauti. Mchezo aliujifunza asubuhi, wakati wa kufagia, kabla wenyewe hawajaamka. Wazungu walipoondoka, alicheza miaka michache mbele za watu, na nasikia walikuwa wakija kumtazama. Kisha babu akafa, bibi akabaki peke yake kilimani, na mwana wa kiume wa pekee ana mahali pamoja tu pa kwenda. Alirudi nyumbani. Kibondo nzima haikuwa na meza. Kasulu ilikuwepo moja, lakini alipoikuta ilikuwa imeshachunwa kitambaa, juu yake pamelazwa magunia ya maharage. Mama alinisimulia kwamba siku ile baba alirudi hakula.

Ila kule kule Kasulu ndiko alikopata kitabu cha kwanza cha wacheza biliadi. Palikuwa na mwenye duka mmoja, Mwislamu wa asili ya Ujiji, mwenye kofia nyeupe na Kiswahili kilichonyooka kuliko cha mwalimu wetu. Yeye alinunua karatasi kuukuu za kufungia bidhaa: majarida ya misheni, vitabu vilivyoachwa na wazungu walipohama, vingine vya Kifaransa kutoka ng'ambo ya mpaka. Alizichana moja moja, akafungia chumvi, karanga, majani ya chai. Baba alikuta kitabu kimeshaliwa hadi katikati.

"Karani, hizo ni karatasi za kufungia," mwenye duka alimwambia. "Unasoma nini humo?"

"Nawasoma watu ninaowafahamu," baba akajibu.

Tangu siku hiyo mwenye duka akawa anamwekea kando kila kitabu chenye picha za "wanaume wa kuinama," kama alivyowaita. Likizo ikifika, baba alinichukua kwenye lori la kahawa twende Kasulu, nami kazi yangu ilikuwa kupekua lile fungu nyuma ya duka. Mpaka leo nikisikia harufu ya mawese, vitunguu na migebuka, wale samaki wa ziwani, ya kukaushwa, mikono yangu inatamani kufunua kurasa. Mara nyingi hatukupata kitu. Mara nyingine tulipata ukurasa mmoja tu, umeloa mafuta ya mtu aliyekula karanga akautupa, na katika ukurasa huo mchezaji anajiandaa kupiga, usijue kama mpira uliingia. Baba aliukunja akautia mfukoni hivyo hivyo.

Nyumbani vitabu vilikaa ndani ya sanduku la mbao lililokuwa la majani ya chai, chini ya kitanda. Bibi alilionea wivu lile sanduku. "Mwana wanje," alimwambia baba kwa Kiha, yaani mwanangu, "mwenzako anaweka mbegu, wewe unaweka wazungu."

Kisha ukaja mwaka ule ambao watu walivuka mpaka kutoka Burundi, wengi, kwa miguu, wengine wamebeba watoto na wengine hawana hata cha kubeba. Mmoja akapewa kiwanja karibu na kwetu. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye koti lililokuwa zuri zamani. Mke na watoto wake hawakuvuka. Hakusema kilichowapata, na hakuna aliyethubutu kumwuliza. Lugha yake na Kiha chetu ni ndugu, kwa hiyo bibi alielewana naye tangu salamu ya kwanza.

Jioni moja, jua lingali juu ya vilima, alikuja kuomba moto. Baba alikuwa anachambua maharage mezani. Jirani akasimama akingoja mama achote makaa, na katika kungoja kwake akauweka mkono wa kushoto juu ya meza, vidole vimetandazwa, kidole gumba kimeinuliwa kidogo, kama mchezaji anayeiandalia fimbo njia. Alifanya bila kufikiri, kama mwingine anavyojikuna. Baba akaacha maharage. Aliutazama ule mkono muda mrefu.

"Ulichezea wapi?" akauliza.

Jirani akauondoa mkono haraka kama aliyekamatwa. "Hotelini, kule ziwani," akasema. "Nilikuwa natunza meza. Wenyewe wakilala, nacheza."

Baba akainuka, akaenda kulivuta sanduku. Yale makaa ya jirani yalizimika kwenye kigae, ikabidi mama achote mengine.

Toka hapo alikuja karibu kila jioni baada ya shamba. Vitabu vya Kiingereza baba alivisoma mwenyewe kwa taabu, na mimi nikamsaidia maneno niliyokuwa nayo. Vya Kifaransa, ambavyo miaka yote alikuwa akitazama picha tu, sasa vilipata sauti. Jirani alisoma sentensi kimoyomoyo, akafumba macho, akaitoa kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kirundi. Tukamjua mchezaji aliyekuwa fundi viatu. Tukamjua mwingine aliyepofuka jicho akaendelea kushinda, na mwingine aliyefiwa na mkewe, akawa analala kwenye chumba cha meza kwa sababu kitandani hapalaliki. Jirani alipofika kwa huyo alifunga kitabu, akasema kesho ataendelea. Kesho yake aliendelea kweli, kutoka pale pale.

Mama alileta ugali wa muhogo na maharage yaliyotiwa mawese, na wale wanaume wawili walikula huku wakibishana juu ya mpigo mmoja, wakiupanga kwa maharage mabichi juu ya meza. Bibi alijifanya hasikii. Lakini siku moja, akisuka mkeka wake, aliuliza bila kuinua kichwa, "Yule mfiwa, ameshaoa?"

"Bado, mama," jirani akamjibu kwa heshima.

"Mwambieni aoe," bibi akasema.

Hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona jirani akicheka mpaka meno yakaonekana.

Haikudumu. Ilikuja amri ya watu kushuka vilimani na kuhamia vijiji vipya. Sisi tulipangiwa upande wa Busunzu. Wakati huo huo ikasemwa kwamba wakimbizi nao watachukuliwa wapelekwe kwenye makazi yao, mbali, kule Mpanda, siku ambayo wataambiwa. Baba aliamini kila jambo lingekwenda polepole, kama mambo ya serikali yaendavyo. Lori likafika asubuhi, kabla hata bibi hajakubali kwamba anahama.

Tulipakia jiwe la kusagia, mitungi, mbegu, mbuzi wawili na kuku. Baba akapandisha sanduku. Kisha likaja suala la bibi. Alikuwa ameketi kizingitini ameshika mwimo wa mlango, anasema mumewe amezikwa nyuma ya nyumba hiyo na hatamwacha na nyasi. Alipokubali hatimaye kubebwa, hakukuwa na mahali pa kumketisha. Dereva alisema, "Mzee, ama sanduku, ama huyu bibi apande lori lijalo peke yake." Baba hakubisha. Alilishusha sanduku mwenyewe.

"Niachie mimi," jirani akamwambia. "Nitalitunza mpaka urudi."

"Nitarudi kabla ya mvua," baba akasema.

Walishikana mikono miwili miwili, kama wanavyoshikana watu wa kwetu. Lori likaondoka. Nilimwona jirani akilivuta sanduku kuelekea kibandani kwake, na bibi, ambaye alikuwa hajalia, akaanza kulia.

Kule Busunzu hapakuwa na nyumba, ila vijiti vya kuonyesha nyumba zitakapokaa. Baba alijenga. Kila akitaka kuondoka, kulikuwa na kazi nyingine ambayo haingoji. Mvua ikamtangulia. Alipopata ruhusa akaenda kwa miguu, akarudi na sanduku kichwani, na uso ambao sikuwahi kuuona kabla. Kilima chote kilikuwa kimya, mapaa yameezuliwa. Jirani alikuwa ameshachukuliwa. Sanduku alilikuta kwenye kibanda kisicho na paa, limewekwa juu ya mawe matatu ili mchwa wasilifikie, limefunikwa kwa lile koti. Jirani alikuwa ameondoka bila koti, wakati wa baridi ya milima yetu. Lakini koti halizuii mvua ya majuma.

Tulivianika vile vitabu juani kwenye mkeka. Bibi mwenyewe alivigeuza, kama anavyogeuza muhogo. Vilivimba, kurasa zikashikana, na tulipojaribu kuzibandua, nyuso za wachezaji zilibaki upande mmoja na miili upande mwingine. Baba alijaribu siku kadhaa. Kisha kuni zikalowa, moto ukakataa kushika, mama akawa anapuliza huku machozi yanamtoka kwa moshi. Baba akaingia ndani, akatoka na kitabu kimoja, akamwekea magotini.

"Washia," akasema.

Viliisha vyote kabla ya kiangazi. Koti hakuruhusu mtu alivae.

Miaka yangu ya kwanza ya kazi nilipelekwa Dar es Salaam, na huko, kwenye meza ya vitabu vya mitumba kando ya barabara, nikakiona kimoja. Kifaransa, jalada jekundu. Nilikinunua, nikakipeleka Busunzu likizo ilipofika. Bibi alikuwa ameshatuacha. Baba alikuwa mzee, ameketi uani. Alikipokea kwa mikono miwili, akakifunua, akatabasamu kwa picha moja.

"Huyu namjua," akasema. Akafunua kurasa nyingine chache, taratibu. Kisha akakifunga. "Umefanya vizuri, mwanangu. Lakini sasa nani atanisomea?"

Alikuwa ameuliza habari za jirani kwa kila dereva aliyetoka upande wa Mpanda, miaka yote hiyo, na kila mmoja aliahidi kuulizia. Kitabu alikiweka ndani, hakukigusa tena. Tulipomzika baba, nilirudi nacho.

Baadaye sana nilikutana na mama mmoja aliyekulia kwenye makazi yale, leo ni raia, anauza maharage ya jumla. Alimkumbuka mtu mrefu, mpole, aliyefundisha watoto hesabu kwa kuwapangia punje za mahindi mezani. Alifariki kwa ugonjwa wa kifua, akasema, mwaka ule ule waliofika, kabla hawajamaliza kufyeka mashamba. Kwa hiyo baba alipokuwa akiwauliza madereva, alikuwa akimuulizia maiti.

Nimeendelea kununua, usiniulize kwa nini. Kile kilima sasa ni shamba la misonobari, na kaburi la babu sijui liko chini ya mti gani. Mwenye duka wa Kasulu hayupo, karanga zinafungwa kwenye nailoni. Nina vitabu vingi kuliko alivyowahi kuwa navyo baba, vizima, vina mwanzo na mwisho, na vile vya Kifaransa ninavitazama picha tu.