Kikapu Nilichomwachia Huruma

Kofi la mama lilinikuta mbele ya foleni nzima ya sukari. "Kikapu kiko wapi, Zuhura?"

Juzi mkwe wangu kamwita mjukuu wetu Huruma, mchana ule wa Kariakoo ukanirudia. Mbele ya duka la ushirika vikapu ndivyo vilivyopanga foleni, sisi watoto tukivilinda, mafuta ya taa yakinukia hadi kwenye nguo. Mbele yangu alikuwa Huruma, mtoto wa jirani yetu Mchaga. Nilidhani kanisani kwao mtoto hupimwa kwanza, akionekana ana huruma ndipo apewe jina.

"Nenda kacheze, shoga, nitakuangalizia," akaniambia.

Nikaenda kucheza rede na wenzangu. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na raha ile sijaisahau hadi leo.

Niliporudi, kikapu cha shangazi yake Huruma kilikuwa mahali pangu, changu kiko mtaroni, na sukari imekwisha.

Mama amefariki akijua mimi ndiye niliyezembea. Wewe Huruma upo, unauza vitenge palepale Kariakoo. Njoo uwaambie wanangu, nani alikitupa kikapu chetu?