Tekila ya Barafu na Jagi la Jirani

Nilikuwa Itumba, nimesimama kando ya basi dogo nikisubiri lijae, mkononi nina mfuko wa pesheni nilizozichagua moja moja sokoni, simu ilipolia. Alikuwa jirani wa rafiki yangu wa Tunduma, mzee tuliyemwita fundi wa barafu; jirani huyo ni msafirishaji mzaliwa wa Kondoa, mtu ambaye hapigi simu bila kuanza na mzaha. Safari hii alianza na “Inna lillahi.” Kisha akasema, “Ndugu yangu, fundi wa barafu katutangulia. Alfajiri ya leo, usingizini.” Wasomaji wazoefu wa safu hii mnajua kwamba mimi si mtu wa kulia hadharani, lakini siku ile nililia, na kabla machozi hayajakauka nikacheka, maana swali la kwanza lililonijia lilikuwa la kipuuzi kabisa: hizi pesheni nilizomnunulia nizipeleke wapi? Nikapanda nazo hivyo hivyo hadi Tunduma. Wenzangu waliingia msibani na mchele na unga, mimi nikaingia na pesheni, na mama aliyekuwa akipokea vitu jikoni akaniangalia kwa huruma, akidhani majonzi yamenivuruga akili. Nilimwomba aziweke kwenye friji, akaziweka bila kuuliza.

Marehemu alikuwa wakala wa forodha hapa mpakani hadi alipostaafu, na alipostaafu akahamia baa. Mkewe ni mpole wa sauti lakini si mpole wa msimamo. Siku moja alimwambia mbele yetu sisi rafiki zake, “Mzee, kama kunywa ni lazima, unywe ninapokuona. Tena glasi mbili, basi.” Sisi tulidhani hapo pana ugomvi, kumbe mzee aliichukua kauli ile kama barua ya ajira mpya. Akanunua blenda, akakaa na simu yake barazani akitazama mafundi wa vinywaji wa ng'ambo, halafu akatuita Jumamosi moja alasiri tuonje tekila ya barafu. Niseme ukweli, ilikuwa mbaya. Ilikuwa maji baridi yenye harufu ya dawa ya kidonda. Tuliisifu kwa adabu, lakini yeye mwenyewe aliionja, akakunja uso, akaimwaga kwenye maua ya mkewe. Maua yale hayakupona.

Alichokigundua baadaye ndicho kilichompa jina la fundi. Aliacha kabisa barafu ya maji, kwa sababu ikiyeyuka inakizimua kinywaji hadi hakina ladha, akaanza kugandisha juisi yenyewe katika makopo ya majarini: ukwaju wa bondeni Momba wiki hii, pesheni za Ileje wiki ijayo. Mapande yale aliyavunja kwa mchi, akayatia kwenye blenda pamoja na maji ya ndimu, chungwa moja na kijiko cha asali, kisha tekila aliyoinunua ng'ambo ya mpaka, Nakonde, na kuilipia ushuru chupa moja moja huku vijana wa forodha wakimcheka mzee wao. Alisaga hadi kitu kikawa kizito kama uji wa mgonjwa. Midomo ya glasi aliipaka ndimu na kuichovya kwenye chumvi. Shemeji yake, mdogo wa mkewe anayelima Msangano, alipopewa glasi kwa mara ya kwanza aliitazama, akatoa leso mfukoni, akaifuta chumvi yote kwa uangalifu, kisha akamwambia dada yake kwa sauti ya chini, “Dada, hawa wasichana wako wa kazi siku hizi hawaoshi vyombo.” Tulicheka hadi mmoja wetu akapaliwa.

Na msisahau tunazungumzia Tunduma. Mwezi wa Juni sisi huku tunalala na mablanketi mawili, na asubuhi mtu akikusalimu unauona moshi mdomoni mwake kabla hujaisikia salamu. Lakini mzee hakukubali kwamba kinywaji cha barafu kina msimu. Tulikaa barazani kwake tumevaa makoti na kofia za sufu, meno yanagongana, tunalamba barafu ya ukwaju, na wapita njia walisimama kututazama. Mama mmoja muuza samaki kutoka Nakonde alituamkia, “Mwapoleni mukwai,” halafu akauliza kwa Kiswahili chake kama hapa nyumbani kuna adhabu. Mzee alimjibu kwamba adhabu ndiyo hiyo, na akampa glasi.

Sasa nifike kwa yule jirani. Ni Mwislamu wa swala tano na pombe haijawahi kugusa kinywa chake. Alikuja Tunduma kufuata malori, hana ndugu hapa, na nje ya madereva wake waliojaa kwenye foleni ya mpakani, baraza ile ndiyo ilikuwa jamaa yake pekee. Mzee alilijua hilo. Kwa hiyo kulikuwa na majagi mawili ya blenda, la mfuniko mweupe na la mfuniko mwekundu. Jagi jeupe lilikuwa la jirani, nalo halikuonja tekila hata tone. Kila Jumamosi lilisagwa kwanza, sote tukanywa kutoka humo pamoja naye, na ilipoadhiniwa Magharibi akaaga kwenda msikitini. Jagi jekundu lilishushwa kabatini baada ya hapo. Hakuna aliyetutangazia utaratibu huo. Tuliukuta, tukaufuata.

Siku moja umeme ulikatika juisi ikiwa ndiyo kwanza imewekwa kwenye mashine. Tukasubiri weee, na jirani akatoka nje kuongea na dereva wake kwenye simu. Umeme uliporudi watu wakapiga makofi, na mzee, kwa furaha ya kuwa na wageni na hofu ya barafu kuyeyuka, akanyakua chupa na kumimina tekila kwenye jagi jeupe. Aliganda yeye sasa. Mmoja wetu akasema, “Mwaga haraka, suuza, tuanze upya. Nani atajua?” Mwingine akaongeza kwamba maji ya moto na sabuni yanatosha. Mzee akajibu, “Nitajua mimi. Na nikijua mimi peke yangu, kila Jumamosi nitakuwa namdanganya.” Akatoka nje akiwa amelishika lile jagi kwa mikono miwili, akamweleza jirani palepale getini, kila kitu. Jirani alimsikiliza hadi mwisho. Hakugomba. Alichukua kofia yake barazani, akatutakia heri, akaenda.

Jumamosi iliyofuata hakuja, na ya pili yake pia hakuja. Mzee hakuwasha blenda. Tulikaa tukinywa chai kama watu wa kikao cha harusi iliyovunjika, na niliona wazi kwamba anaogopa kwamba amempoteza rafiki kwa kumwambia ukweli, jambo ambalo wengine wetu tulikuwa tumeanza kulinong'ona. Ndipo akavuka kwenda Nakonde, akarudi na jagi jipya ndani ya boksi lililofungwa, hakulifungua, akaenda nalo moja kwa moja nyumbani kwa jirani. Mimi nilimsindikiza. Akamwambia, “Jirani, hili likae kwako. Ulioshe wewe, ulitunze wewe. Jumamosi uje nalo.” Jirani alilitazama boksi, akamtazama mzee, akasema, “Kaka, wewe una kazi.” Jumamosi akaja, kanzu nyeupe, kofia, na jagi la blenda kwapani. Mtaa mzima ulizoea kumwona hivyo, na watoto walijua kwamba jagi likipita, leo ni Jumamosi.

Nimelifikiria sana jambo hili siku hizi. Mji wetu ni mji wa wapitaji. Kila mtu ana mzigo wake unaosubiri mhuri, na tumezoea kukaribishana kwa lazima. Mgeni akisema hanywi, tunamwambia kidogo tu bwana, utatuvunjia heshima. Tunadhani ukarimu ni kumfanya mwenzako anywe tunachokunywa sisi. Mzee yule, mpenda sifa, mbishi, muua maua ya mkewe, alikuwa mkarimu kwa namna ngumu zaidi: alimwekea mtu nafasi awe alivyo, na nafasi hiyo ilipochafuka kwa mkono wake, hakuisuuza kisirisiri.

Tulimzika. Siku ya kuanua tanga, ndugu wakijiandaa kutawanyika, jirani aliingia barazani na jagi lake kwapani. Alikuwa ameliosha mpaka linang'aa. Akaliweka mezani mbele ya mjane na kusema, “Mama, aliyenipa hayupo. Nimerudisha amana.” Sote tulielewa kwamba anaiaga baraza ile. Mjane akaniita mimi. “Mwandishi, zile pesheni zako ziko kwenye friji. Nilikamua, nikagandisha. Kazilete.” Nikazileta, ndani ya kopo la majarini. Akavunja barafu kwa mchi wa mumewe, akaitia kwenye jagi la jirani, akasaga mwenyewe. Kijana mmoja wa ukoo akanyoosha mkono kuelekea kwenye chupa kabatini, mjane akaupiga kofi dogo. “Baadaye. Kwanza tunywe sote.” Yule shemeji wa Msangano, ambaye leo alikuwa ndiye mgawaji, akauliza kwa ukali kidogo, “Jamani, chumvi ya glasi iko wapi?” Tukacheka, msibani, na hakuna aliyetukataza.

Tulipomaliza, mjane alilisuuza jagi, akalifuta, akamrudishia mwenyewe. “Hii siyo amana,” akamwambia. “Hili ni lako. Jumamosi uje nalo.”

Na hilo ndilo funzo ninaloondoka nalo, wasomaji wangu. Mkiwa na mlango, mwekeeni mwenzenu chombo chake ndani ya nyumba yenu. Siku mtakapoondoka, mlango hautafungwa. Jumamosi hii nimepita Itumba tena, nimenunua pesheni, nimefika Tunduma, na mbele yangu barabarani namwona mtu wa kanzu akielekea baraza ile ile, jagi kwapani.