Madam Jescah na ile nusu ya kiwanja cha Free Area

Nimeandika hii post na kuifuta mara nne tangu Jumanne. Kila nikianza naona kama nawadanganya. Madam Jescah amekufa? Jescah gani? Si huyu alinipigia Jumatatu kuniuliza kama bomba limetengenezwa?

Kwa wale hamkumjua: Jescah Nafula alisimamia bustani za umma kwa ofisi yetu hapa Nakuru. Mimi ni planner, nachora ramani. Yeye alivaa gambuti, zile buti za mpira, akatoka kwenda kuzigeuza hizo ramani ziwe nyasi na miti.

Pressure ilimpanda akiwa site. Akaanguka, wakamkimbiza hospitali, hakuamka tena.

Babu yake alitoka Bungoma kuja kufanya kazi ya reli, na yeye alizaliwa hapa hapa mjini. Tukipita kwa gari ya ofisi alikuwa akionyesha: hapa tuliruka kamba. Hapa pia. Pale kwa hiyo ghorofa kulikuwa uwanja, tulicheza kati, tukikwepa mpira. Mpaka dereva akamwambia, "Madam, tafadhali, unanitia huzuni."

Siku yangu ya kwanza kazini alinitoa kwa kompyuta. "Wewe planner, ushawahi kutembea kwa hiyo ramani yako?"

Tukatembea mpaka mtaa wa Free Area, jua la Januari, vumbi mpaka kwa meno. Kiwanja kitupu, takataka, mbuzi watatu. "Hii ndio park," akasema. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Miaka ikapita tukikipigania hicho kiwanja. Barua, forms, mikutano inaahirishwa asubuhi ile ile tumeshavaa vizuri. Wueh!

Sasa niseme kitu sijawahi kusema hadharani.

Siku moja bosi aliniita. Akasema nikate kiwanja katikati, nusu bustani, nusu maduka, mambo yameamuliwa huko juu. Nikachora. Sikumwambia Jescah. Nilikutana naye kwa corridor nikamsalimia kama kawaida, na nikaendelea kumsalimia hivyo wiki nzima.

Aliiona siku ya public participation, wananchi wakiitwa kutoa maoni, ramani ikibandikwa ukutani mbele ya watu wote. Akasogea karibu, akavaa miwani, akasoma jina langu pale kwa kona. Hakugeuka kunitazama.

Mzee mmoja akasimama. "Hiyo shamba imekaa bure miaka yote. Jengeni maduka kote kote, vijana wapate kazi." Makofi ukumbi mzima.

Jescah akangoja makofi yaishe. "Mzee wangu, sikatai maduka. Lakini wajukuu wako wanacheza wapi?"

"Kwa barabara," mzee akajibu haraka. Tulimwona akifikiria. Akaketi polepole, na akiwa ameshaketi akasema, "Basi hiyo nusu ingine msiguse."

Hiyo nusu ndiyo tuko nayo mpaka leo.

Jescah hakunisemesha wiki mbili. Halafu asubuhi moja akaja kwa desk yangu na thermos ya chai, akamimina vikombe viwili.

"Uliogopa?"

"Niliogopa, Madam. Nisamehe."

"Ungeniambia tu. Ningeogopa na wewe." Akamaliza chai yake. "Beba jacket. Tunaenda Elburgon kuchukua miche."

Tulirudi na miche nyuma ya pickup, mvua ya msitu wa Mau imetulowesha wote wawili. Alilala njia nzima, mdomo wazi, kichwa kikigonga dirisha. Hapo ndipo niliona vile huyu mama alikuwa amechoka. Kabla ya hapo sikuwa nimeangalia.

Kupanda ilikuwa rahisi jamani. Kutunza ndio kumetumaliza.

Huu udongo wetu hauweki maji, unamwaga mtungi mzima unabaki na vumbi. Mara tapu ya maji imeng'olewa. Mara benchi zimebebwa. Mara mbuzi wamemaliza miche yote, tunaanza tena.

Mara ya tatu nilimwambia, "Madam, tuachane na hii kitu."

"Mimi pia nimechoka, Wanjiru. Shika hapo." Akanipa upande mmoja wa mtungi.

HR walimlazimisha achukue leave ya siku mbili. Siku zote mbili nilimkuta bustanini. Ati alikuwa anapita tu.

Sitasema alikuwa anafurahia kazi yake kila siku, kwa sababu si kweli. Kuna siku alikaa kwa ngazi za ofisi akashindwa kupanda. Nilikaa naye. Kisha tukapanda.

Jana sikuweza kukaa ofisini, nikaenda Free Area. Nyasi iko. Miti imefika mabegani, ile iliyopona. Mama mmoja alikuwa ameketi chini na watoto wake wawili, akaona badge yangu.

"Sasa madam. Yule mathe, mama wa gambuti, amepotelea wapi? Huku kunakauka."

"Tunamzika Jumamosi," nikamwambia. Akashika mdomo, akasema, "Woi, Yesu wangu," akawaita watoto wake wakae karibu naye.

Halafu akainuka, akafunga leso vizuri kiunoni.

"Nionyeshe mpira wa maji unaunganishwa wapi. Mimi naishi hapo tu."

Nikamwonyesha.

Madam Jescah, Jumamosi tunakupeleka nyumbani kwa babu yako, Bungoma. Ofisi yote inakuja, hata wale walikuwa wanakukimbia kwa corridor. Sina maneno mazuri ya kukuaga, nimechoka kama wewe.

Kesho asubuhi hakuna mkutano. Hakuna mtu anakungoja site. Vua gambuti, mama.

Lala mpaka utosheke.