Sauti ya Mjomba Pius

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kuliko siku ya ndoa yangu, maana siku ya ndoa nilifurahi, na furaha hupita. Ila aibu hukaa. Jana mlikuwa mnatazama kwenye simu sinema za zamani, mkamcheka mzee mmoja mwenye sauti ya kukwaruza. Sikuwakaripia. Nami nilimcheka, tena mbele za watu. Yule ni mjomba wangu, Pius, kaka wa mama yangu. Nawe unajua kwetu Waluguru mjomba ni nani: ni baba aliyetoka tumbo moja na mama.

Kabla ya sinema, Mjomba Pius alikuwa mwimbaji. Kule kijijini kwetu Matombo hakuzikwa mtu wala hakukuvunwa mpunga bila yeye kuanzisha wimbo. Mimi nilikuwa mwitikiaji wake wa kwanza tangu nikiwa msichana mdogo. Hakuwa na haja ya kunipa ishara. Alikuwa akifumba macho, anainua kidevu kidogo, anavuta pumzi, nami nimekwisha kujua neno linalokuja.

Kisha wakaja watu wa sinema kutoka Dar es Salaam, wakamtaka akaimbe katika picha yao. Akaenda. Tukangoja tumsikie. Picha ikatoka, waliokwenda kuitazama mjini wakarudi wakisema Pius hakuimba. Alikaa tu kama mlinzi wa geti, akasema maneno matatu. Ikaja nyingine, akawa mzee mgonjwa. Nyingine, baba wa bibi harusi. Watu wakaanza kumtambua sura, jina wasilijue. Hakuwahi kuimba hata katika moja. Mimi nikaona ametuacha, ameacha wimbo wetu ili akae kwenye picha kama kigoda. Nikamwekea kinyongo.

Miaka ikapita, bibi yangu akafariki. Mjomba akaja mazikoni, amejifunga kitambaa shingoni na joto lote lile. Nikasema moyoni, haya ndiyo maringo ya mjini. Mama yake mzazi amelala pale kwenye jeneza, na watu wote wakamgeukia aanzishe wimbo. Akatikisa kichwa. Wakamsihi. Akatikisa tena. Hapo ulimi ukaniteleza, mwanangu. Nikasema kwa sauti wote wasikie, "Mwacheni. Siku hizi haimbi bila kamera."

Baadhi wakacheka, kicheko kile kifupi cha msibani. Mjomba akainamisha kichwa. Mwingine akaanzisha wimbo, nasi tukazika. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na dole langu lingekuwa limepona zamani. Mama aliniambia neno moja tu tukirudi: kwamba sikujua nilichokuwa nasema. Sikumuuliza. Kijana aliyekasirika hapendi kuuliza, anaogopa asije akakosa sababu ya hasira yake.

Baadaye niliolewa nikahamia hapa Bigwa. Jumapili moja mchana mume wangu akanipeleka ukumbini mjini kutazama sinema. Sikujua kama mjomba yumo. Katika picha ile yeye ni baba aliyekwenda hospitali kumchukua mwanawe, akakuta amekwisha kufa. Muuguzi anamkabidhi shati la marehemu. Hana kilio, hana maneno. Anakaa kwenye benchi, analikunja lile shati, anafunga vifungo kimoja kimoja, kama vile mwenyewe yumo ndani. Hata wauza karanga waliacha kuuza, wakatazama.

Alipofika kifungo cha mwisho akafumba macho. Akainua kidevu kidogo. Akavuta pumzi.

Nami nikaitikia. Mwanangu, niliitikia kwa sauti, palepale kwenye kiti, kabla sijajua ninafanya nini. Mume wangu akanishika mkono. Kule kwenye picha mjomba hakuimba. Alizitoa zile pumzi polepole, akalitia shati kifuani, akaondoka. Nililia mpaka taa zikawashwa.

Kesho yake nilikwenda kwa mama, aliyekuwa akikaa hapa mjini siku zile, nikamwambia. Ndipo akanieleza. Mjomba alipofika Dar koo lilikuwa limeanza kumuuma. Akapasuliwa, na daktari akamwambia ataweza kuzungumza, lakini kuimba asahau. Mkuu wa ile picha ya kwanza akamhurumia, akamwambia akae tu pale getini. Alipoona alivyokaa, hakumwacha tena. Mjomba alimwapisha mama asiseme, maana hakutaka watu wa Matombo wamlilie angali hai. Kile kitambaa kilificha kovu. Na wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Sikungoja. Mvua zilikuwa za masika na barabara imekatika, abiria tulilala njiani kwa wasamaria wema, lakini nilifika Matombo. Mjomba alikuwa amekwisha kurudi kijijini, nikamkuta anaanika pilipili manga kwenye jamvi. Nikapiga magoti. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ile ile mliyoicheka. Nikaomba radhi. Akaendelea kutandaza pilipili kwa kiganja, kisha akasema, "Maneno yako hayakuniumiza sana. Niliumia kwamba mwitikiaji wangu hakuniuliza."

Nikamweleza ya kule ukumbini, ya kifungo cha mwisho, na kwamba niliitikia. Mkono wake ukasimama.

"Uliitikia kwa sauti?"

"Kwa sauti, mjomba. Watu waligeuka."

Akakung'uta kiganja. Halafu akasema, "Basi niliimba."

Aliishi masika mawili mengine. Tulipomzika nilianzisha wimbo mimi, na kila aliyekuwapo aliitikia.

Sasa sikia, mwanangu. Ukimwona mtu ameacha jambo alilolijua vizuri, usimhukumu kwa kile alichokiacha. Muulize kilichompata, tena muulize faragha, kwa adabu. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Wala usimdharau mwenye nafasi ndogo. Yule mlinzi wa geti mliyemcheka alikuwa na maneno matatu tu, lakini aliweka humo nyimbo zote alizonyimwa. Na mtu akikugusa moyo, mwambie leo, masikio yake yakiwa bado yanasikia. Mimi nilibahatika kufika kabla ya jeneza. Wengi hawabahatiki, nawe usiitegemee bahati hiyo.

Mungu akupe sikio jepesi na ulimi mzito. Akupe watu wa kukuitikia, na siku sauti yako itakapokwisha, akufungulie njia nyingine ya kusikika. Nenda kwa amani, mwanangu, na ile picha ya jana itazame tena.