Daktari Aliyemsalimu Dani Kwanza

Nilipojifungua binti yangu huku Sindo, nilisaka daktari kama mzazi anayemtafutia mtoto shule ya bweni. Mume wangu anafundisha Migori na hurudi wikendi, na kila nilipomuuliza alisema, "Wewe chagua." Basi nikachagua. Nilimtaka daktari aliyesomea watoto, mwenye vyeti ukutani. Sikutaka mchezo.

Mama mkwe alikuwa na daktari wake tayari, mwanamke mwenye kliniki pale sokoni, katikati ya duka la mbegu na kinyozi. Kwa cheti ni afisa tabibu, si daktari kamili, ila Sindo nzima humwita daktari. Nilipoliona pazia la mlangoni, nikapita bila kuingia.

Mimi ni Mkuria, mama mkwe ni Mjaluo, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, kila mmoja akikivunja kwa namna yake. Aliniita nyar Kuria, binti wa Wakuria, nami tangu mtoto azaliwe nikamwita Dani, yaani nyanya. Nina hasira za karibu, lakini mbele yake nilikuwa mwoga. Nilisema "sawa" kwa kila kitu, kisha nikafanya nilivyotaka.

Mtoto alipofika wiki sita uzito wake ulikuwa umekwama, tukaenda Homa Bay kwa daktari wangu wa vyeti. Alikuwa mtu mzuri, mwenye haraka. Akauliza macho yakiwa kwenye kompyuta, "Anakunywa kitu kingine zaidi ya maziwa ya mama?"

Dani alikuwa ameketi kando yangu, mkoba mapajani. "Maziwa yangu tu," nikasema.

Nilidanganya. Kila asubuhi nilipokwenda kuoga, Dani alimnywesha mtoto maji ya yath, dawa ya majani ya kumkinga na jicho baya. Hakuniambia, nami sikuuliza, lakini kikombe nilikuwa nimekiona, na majani yamebaki chini. Nani anamuuliza mama wa mumewe habari za kikombe chake? Nikajiambia ni vijiko viwili vitatu tu. Daktari akaandika matone ya vitamini na kutuambia turudi baada ya wiki mbili.

Wiki mbili hazikufika. Mapaja ya mtoto yalianza kulegea, akawa analala bila kudai titi. Asubuhi moja Dani alimfunga kwenye shuka akasema, "Nyar Kuria, leo twende kwa huyu wa karibu." Nikasema sawa, na mara hii nikafanya hivyo.

Yule daktari hakuanza na mtoto wala na mimi. Alimshika Dani mkono kwa mikono yake miwili, akamuuliza habari za nyumbani na za goti lake. Kisha akasema, "Dani, wewe umezaa wangapi?"

"Saba. Sita wako hai."

Nilikuwa nimeishi katika boma lile miaka miwili nikiwajua sita.

"Na huyo mwingine?"

Dani alitazama mikono yake. Alikuwa msichana, akasema, wa kwanza, mnono. Watu walimwangalia sana sokoni. Akaharisha siku mbili, akaenda.

"Na huyu unamkinga na nini?" daktari akauliza, kwa sauti ile ile ya kuulizia goti.

"Yath. Asubuhi, kikombe kidogo." Halafu Dani akanyoosha mkono mbele yangu. "Huyu hajui kitu. Ni mimi peke yangu."

Machozi yalinitoka hapo hapo. Mtu niliyekuwa nikimwogopa alikuwa ananifunika mimi. "Najua," nikasema. "Niliona kikombe, Dani. Nikanyamaza. Hata Homa Bay nilidanganya."

Daktari hakutugombeza. Alieleza kwamba tumbo la mtoto ni dogo, na akijazwa maji anashiba kabla ya maziwa. Na maji yenyewe yanaweza kumharisha.

"Na jicho je?" Dani akauliza.

"Mfunike uso mkienda sokoni. Hata mimi wangu nilimfunika. Lakini mdomoni mwachie mama yake."

Tuliporudi nyumbani Dani alikiosha kile kikombe, akakipanga pamoja na vikombe vya chai.

Kliniki iliyofuata, pale pale sokoni, Dani alimweka mtoto kwenye mizani yeye mwenyewe. Daktari akaniuliza mtoto anakunywa nini.

"Maziwa yangu tu," nikasema, maneno yale yale ya Homa Bay.

"Ni kweli," Dani akasema. "Mimi niko hapo, naona."

Daktari akasoma uzito, akauandika kwenye kitabu. Ulikuwa umepanda. Dani akamwomba amsomee tena.